Chuo Kikuu na Suala la Umaskini wa Mataifa

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikabili suala la dunia nzima: chanzo cha umaskini wa mataifa. Mwaka 1972 Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyefundisha hapo, alichapisha How Europe Underdeveloped Africa. Hoja yake kuu ni kwamba umaskini wa Afrika si wa asili, bali ni zao la uhusiano wake na Ulaya. Hata hivyo, mihadhara na kitabu chenyewe vilikuwa kwa Kiingereza. Mkulima wa pamba, ambaye jasho lake ndilo lililochambuliwa humo, havikumfikia. Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilifundisha kwa Kiswahili. Idara nyingine nyingi zingali zikifundisha kwa Kiingereza.