Mchikichi Wenye Njaa Hubabuliwa na Jua

Atokaye Bujumbura kwa njia ya kusini, ziwa Tanganyika likiwa kuumeni kwake, hufika Rumonge akiwa amekwisha kuipita michikichi mingi. Jamaa ya askari yenye miti mitano tu nyuma ya nyumba huitegemea kwa mafuta ya kupikia na kwa sabuni. Basi makuti ya chini yakigeuka rangi ya chungwa, mara husikika shauri la shoka: mti una ugonjwa, ukatwe usiambukize mingine.

Kabla ya kulinoa shoka, ndugu msomaji, litazame kuti hilo mahali jani moja jembamba lilipolalia jingine. Palipopigwa na jua pamekuwa chungwa. Palipofunikwa pangali kijani, na mpaka wake waonekana wazi. Kuvu haijui kufuata kivuli. Hiyo ni dalili ya njaa ya magnesiamu.

Madini hayo yamo katikati ya kila molekuli ya umbijani. Tena husaidia sukari iliyotengenezwa jani itoke iende mizizini na kwenye matunda. Yakipungua, sukari hurundikana na kazi ya jani huzorota, lakini jua halipunguzi ukali wake. Nguvu ya mwanga isiyopata kazi hurukia oksijeni na kuifanya sumu, nayo huuharibu umbijani. Mwaka 1989 Marschner na Cakmak wa Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani, walieleza jambo hilo kwa maharagwe: yaliyonyimwa magnesiamu, potasiamu au zinki yalibabuka zaidi katika mwanga mkali, na sehemu za jani zilizotiwa kivuli zikabaki kijani.

Wengine humwaga majivu ya jikoni. Majivu hupunguza asidi ya udongo, ni kweli. Lakini yana potasiamu nyingi, nayo ikizidi huizuia magnesiamu isiingie mizizini. Dawa ni mbolea ya kiserite, au chokaa ya dolomiti ambayo hufanya kazi polepole, itawanywe chini ya mti, isirundikwe shinani. Kiasi akiamue bwana shamba aliyeuona udongo wenyewe.

Wala makuti ya chungwa yasikatwe kwa kuwa yanachukiza macho. Mti hunyang'anya magnesiamu ya makuti ya zamani ili kuyalisha machanga. Ayakataye mapema huipandisha njaa hadi makuti ya juu.