Umeumia goti kazini na dai lako la fidia limekataliwa? Soma hapa kwanza

Mkata mkonge wa Muheza au Korogwe huinama na kuinuka siku nzima. Mpakiaji wa bandari ya Tanga hutembea na mzigo begani. Goti likiharibika, kipato nacho husimama.

Kwa Tanzania Bara, aliyeumia kazini hudai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Anayechangia ni mwajiri. Mshahara wako haukatwi. Taarifa ya ajali inatakiwa ifike ndani ya miezi 12, kwa hiyo usisubiri.

Kwa nini madai ya goti hukwama

- Hakuna cheti cha siku za mwanzo. Wengi hukandwa nyumbani na kununua dawa za maumivu dukani, wakaja kituoni baada ya miezi.
- Eksirei "haionyeshi kitu". Eksirei huonyesha mifupa. Gegedu iliyochanika au kano iliyokatika haionekani humo. Inahitaji daktari wa mifupa alipime goti kwa mikono, na pengine kipimo cha MRI.
- "Ni uzee." Kweli, magoti hulika kwa umri na uzito. Lakini mtu mwenye goti lililoanza kulika anaweza pia kuumia kazini. Daktari aeleze ulivyokuwa kabla ya ajali na ulivyo sasa.

Ripoti ya daktari iseme nini

"Ana maumivu ya goti" haitoshi. Omba iandikwe: tarehe ya ajali, kazi uliyokuwa unafanya, goti lilivyoumia, matibabu uliyopata, na usichoweza kufanya tena: kuchuchumaa, kupanda ngazi, kubeba mzigo. Goti zima hukunjika kama nyuzi 135. Lako lipimwe, na namba iandikwe.

Namba hizo zina uzito. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo hata kama dai lilikubaliwa, una sababu ya kuuliza asilimia yako ilipatikanaje.

Kupinga uamuzi

1. Omba uamuzi na sababu zake kwa maandishi. Jibu la mdomo halina pa kushikia.
2. Uliza ofisi ya mfuko: pingamizi linapelekwa kwa nani, na siku ya mwisho ni lini? Iandike tarehe hiyo.
3. Jibu sababu iliyotajwa. Wakisema hakuna ushahidi wa ajali, tafuta maelezo ya wenzako walioshuhudia na kitabu cha zamu. Wakisema goti halina tatizo, omba rufaa ya kumwona daktari wa mifupa, kupitia Bombo au hospitali nyingine kubwa.
4. Peleka nakala, baki na vyeti halisi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.
5. Kama una chama cha wafanyakazi, mshirikishe kiongozi wako mapema.

Wakati unasubiri, usiache kliniki wala mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja. Yanalisaidia goti, na kila hudhurio huongeza ukurasa kwenye faili lako. Ukikaa mwaka mzima bila kuonekana hospitali, mtu anayesoma faili hilo ataamini umepona.