Kamera kuukuu na karatasi za masandukuni: namna infraredi inavyosoma wino usioonekana

Hapa Blacktown, magharibi mwa Sydney, karibu kila nyumba ya watu wa kwetu ninayoingia ina vitu viwili. Kimoja ni kamera ya dijitali ya miaka kumi na tano nyuma, imelala kabatini tangu simu zilipoanza kutoa picha nzuri. Cha pili ni mfuko au kisanduku cha karatasi kilichosafiri na wenyewe kutoka Unguja, Pemba, Mombasa au Maskati: wasia wa babu, hati ya shamba la mikarafuu, barua za ndugu kwa khati za Kiarabu, mara nyingine ukurasa mmoja tu ambao hakuna awezaye kuusoma tena. Nataka kueleza jinsi kitu cha kwanza kinavyoweza kukisaidia cha pili, na pale ambapo hakiwezi.

Tuanze na mwanga wenyewe. Jicho la binadamu huona kuanzia kiasi cha nanomita 400, rangi ya zambarau, hadi kiasi cha 700, wekundu wa mwisho. Baada ya hapo mwanga haukomi. Ni sisi tunaokoma kuuona. William Herschel aligundua hayo Uingereza mwaka 1800. Alipitisha jua katika mche wa kioo, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali palipoonekana hapana kitu, na zebaki ikapanda. Mwanga huo ulio ng'ambo ya wekundu ndio uitwao infraredi.

Ndani ya kamera ya dijitali, mahali ilipokuwa ikikaa filamu, pana sensa ya silikoni. Silikoni huona mbali kuliko sisi, hadi karibu nanomita 1100. Mtengenezaji hapendi hivyo, kwa sababu picha ya harusi ingetoka na rangi za ajabu. Leica walipotoa kamera yao ya M8 mwaka 2006 bila kuizuia infraredi ya kutosha, nguo nyeusi zikatoka za zambarau, na kampuni ikabidi iwape wateja vichujio vya kufunga mbele ya lenzi. Kwa hiyo kamera za kawaida huwekewa mbele ya sensa kioo chembamba cha kuizuia infraredi. Kugeuza kamera si zaidi ya kukitoa kioo hicho na kuweka mahali pake kingine kifanyacho kinyume, yaani kinazuia mwanga tunaouona na kupitisha ule tusiouona.

Ukitaka kuhakikisha bila kufungua kitu, elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele ya simu yako, kisha ubonyeze kitufe. Kwenye simu nyingi utaona kitaa cha rimoti kinawaka, ingawa kwa macho hakuna kitu.

Wengi wanaogeuza kamera hufanya hivyo kwa ajili ya mandhari. Majani mabichi huirudisha infraredi kwa wingi, na jua la hapa ni kali, basi mikaratusi ya kando ya bwawa la Prospect hutoka myeupe kama iliyomwagiwa unga, na mbingu juu yake nyeusi. Robert Wood, mwanafizikia wa Kimarekani, alionyesha picha za namna hii tangu mwaka 1910. Zinapendeza. Mimi nikiziona tatu zinanitosha.

Karatasi ni jambo jingine. Shuleni misheni tulichovya nibu katika kidau cha wino wa buluu-nyeusi, na baadaye ukarani ulinilisha mimi na wanangu kwa miaka mingi. Wino mmoja na mwingine nilikuwa nikivitofautisha kwa kuvitazama tu. Infraredi nayo huvitofautisha, tena kwa ukali kuliko jicho la karani yeyote.

Wino wa kwanza ni wa masizi: masizi ya taa yaliyochanganywa na gundi ya mti. Ndio wino wa kale wa misahafu na barua nyingi za khati za Kiarabu. Masizi ni kaboni, na kaboni huimeza infraredi kama inavyoumeza mwanga wa kawaida, kwa hiyo hubaki nyeusi tii. Lakini doa la maji, la chai, la ukungu, na ule ukahawia wa karatasi iliyozeeka huwa hafifu sana katika infraredi. Maandishi yakabaki, uchafu ukaondoka. Penseli iko kundi hilohilo, na wino wa magazeti, na kopi za taipureta zilizopigwa kwa kaboni nyeusi.

Wa pili ni wino wa chuma, ule wa buluu-nyeusi wa rejista za serikali na vitabu vya ubatizo. Huu, kadiri mawimbi ya mwanga yanavyorefuka, hufifia na mwishowe hupotea. Wa tatu ni wino wa rangi za kiwandani: buluu ya kawaida ya kalamu za kujaza, kalamu nyingi za bolpeni, na zambarau ya mihuri. Huo kwa kawaida haupo kabisa katika picha. Na hapa pana faida ambayo watu hawaitazamii: mhuri wa zambarau uliopigwa juu ya jina huyeyuka, na jina lililokuwa chini yake, likiwa la masizi au la penseli, hujitokeza zima.

Bibi mmoja wa hapa, mtu wa Wete, alikuwa na wasia wa babu yake ulioingia mvua, ukabaki na doa la rangi ya chai lililomeza nusu ya ukurasa. Wanawe walikwisha kuuhesabu kuwa taka. Tulipoupiga picha kwa kamera iliyogeuzwa, doa likapauka na mistari minne ikasomeka, na katika orodha ya warithi likatokea jina la shangazi ambaye bibi alimsikia akitajwa utotoni tu, na watoto wake hawakupata kumsikia kamwe. Chini ya ukurasa palikuwa na maneno ya karani wa serikali na tarehe, yaliyosomeka vizuri kwa macho. Hayo katika picha hayakuwepo. Bibi akacheka, akasema karani amekwisha toka kazini.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya baada ya Vita Vikuu vya Pili, mpiga picha Najib Albina wa Jerusalem alizipiga kwa filamu ya infraredi zile Hati za Bahari ya Chumvi, ngozi zilizokuwa zimepiga weusi hata wino na ngozi havitenganishiki. Mfano ulio karibu zaidi nasi umetoka Nyangwe, kwenye mto Lualaba, mashariki ya Kongo ya leo.

Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa huko, karatasi na wino vimemwishia. Akaandika kumbukumbu zake kwa kuikatiza mistari ya gazeti kuukuu la The Standard la London, na badala ya wino akatumia rangi ambayo yeye aliiita zingifure. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: ni zingefuri, nyekundu ya mbegu za mzingefuri. Rangi hiyo ilipauka, na maandishi yakawa hayasomeki. Mwaka 2010 wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walianza kuzipiga picha karatasi hizo chini ya mianga mbalimbali, kuanzia iliyo fupi kuliko zambarau hadi infraredi. Katika infraredi zingefuri hupotea, likabaki gazeti peke yake. Ukishakuwa na picha ya gazeti peke yake, kompyuta inaweza kulitoa gazeti na kumbakisha Livingstone. Matokeo yalitolewa hadharani mwaka 2011, na sasa mtu anaweza kulinganisha alichoandika papo hapo na kile alichochapisha Horace Waller mwaka 1874. Si kitu kimoja.

Kwetu habari ile ina uchungu wake. Aliyoyaandika Livingstone tarehe 15 Julai 1871 ni mauaji ya soko la Nyangwe, na waliofyatua bunduki walikuwa watu wa misafara ya wafanyabiashara wa Pwani. Waliokufa walikuwa mamia, wanawake wengi. Sitaki kuyapunguza. Nasema tu kwamba tunayoyajua ya siku ile kwa sehemu kubwa yametoka kwa mgeni mmoja ambaye karatasi zake zilitunzwa hadi chombo kikapatikana. Wenye misafara nao walijua kuandika. Kama ipo barua yao iliyobaki ndani ya sanduku la mtu, iwe inawasafisha au inawashitaki, huenda imeandikwa kwa masizi, na hiyo ni rahisi kusoma kuliko zingefuri. Kamera ya wale wataalamu ilikuwa ya gharama kubwa, lakini fizikia yake ni ileile ya kamera iliyo kabatini mwako.

Sasa kazi yenyewe. Usiifungue kamera wewe. Ndani yake mna kapasita ya taa ya flashi inayoweza kushika volti 300 hata betri ikiwa imetolewa, na chembe moja ya vumbi ikiingia kati ya sensa na kioo kipya itakuwa katika kila picha. Mpelekee fundi aliyezoea kazi hii. Atakuuliza unataka kichujio gani. Cha nanomita 720 ndicho wapendacho watu wa mandhari. Kwa karatasi mwambie 830 au 850, maana kadiri unavyokwenda mbali na wekundu ndivyo madoa na mihuri inavyoondoka. Mwambie pia kwamba kamera hiyo haitarudi kwenye picha za rangi, asije akadhani hujui.

Infraredi haikusanyiki mahali pale pale pa mwanga wa kawaida, ndiyo maana lenzi za zamani zilikuwa na alama ndogo nyekundu kando ya alama ya masafa. Kamera isiyo na kioo cha kugeuka, ile inayolenga kwa sensa yenyewe, haina tabu hiyo. Ya kioo cha kugeuka inataka fundi airekebishe, au ulenge kwa kutazama kwenye skrini. Lenzi nyingine huacha doa jeupe katikati ya picha. Ukiliona, badilisha lenzi, usimlaumu fundi.

Taa za nyumbani za siku hizi, za LED, hazitoi infraredi ya maana, na utapata picha nyeusi. Jua linayo tele lakini linaunguza karatasi kongwe. Kilicho bora ni taa ndogo za infraredi zinazouzwa kwa ajili ya kamera za ulinzi, za nanomita 850: ni rahisi, hazichomi, nazo chumba ukikitia giza zinatosha. Weka mbili, moja kila upande, kamera juu ya kigoda cha miguu mitatu ikitazama chini, karatasi imelala yenyewe bila kubanwa kwa nguvu. Iliyokunjika miaka hamsini usiikunjue kwa siku moja.

Kwa wino wa chuma, usitumie kamera hii. Chukua kamera ya kawaida na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, kwa dakika chache tu. Chini yake karatasi hung'aa, na wino wa chuma uliopauka huonekana mweusi juu ya mng'ao huo.

Kila ukurasa upigwe kwanza picha ya rangi kwa kamera ya kawaida, kisha ya infraredi, na majina ya faili yafanane isipokuwa herufi ya mwisho. Mahakama au Nyaraka za Taifa kule Kilimani, Unguja, au ndugu wa mbali asiyeamini, akiletewa picha nyeusi na nyeupe isiyo na doa wala mhuri, atauliza ya rangi iko wapi.