Programu Moja, Nyuma Yake Msururu

Mkulima wa Makanya, wilayani Same, anajua kuwa maji yake hayaanzii shambani. Yanatoka juu Vudee, yanapita Bangalala, na njiani hulazwa kwenye ndiva, yale mabwawa ya Wapare yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi. Juu wakiyachafua au wakiyazuia, wa chini ndiye anayeumia. Programu ya kompyuta nayo ni hivyo hivyo, ila wengi wetu tunaitazama kuanzia shambani tu.

Chukua DHIS2, mfumo ambao Tanzania huutumia kukusanya takwimu za afya. Idadi ya watoto waliochanjwa kwenye zahanati ya mlimani huishia humo. Mfumo huu unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, umeandikwa kwa Java, na umebeba maktaba nyingi za msimbo zilizotungwa na watu wengine kabisa. Mojawapo ilikuwa Log4j, ambayo kazi yake ni kuandika matukio ya mfumo, basi. Desemba 2021 likabainika tundu: mtu akiandika mstari fulani hata kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji, Log4j inausoma kama amri, inaifuata anwani iliyomo, inaleta msimbo wa mhalifu na kuuendesha. Ukali wake ulipewa 10 kati ya 10. DHIS2 ikalazimika kutoa matoleo ya dharura. Duniani kote wasimamizi wa seva walikesha wakijiuliza, kwangu Log4j iko wapi? Hawakuiweka wao. Ililetwa na programu waliyoiweka.

Kwa hiyo ona orodha ya vitakavyoingia kabla ya kuweka programu. Kwenye Ubuntu, amri ya apt install ikiongezewa -s hutaja kila kitakachoingia bila kuingiza chochote. Kwa miradi ya JavaScript ipo npm audit, inayotaja matundu yaliyokwisha kujulikana. Yaliyokwisha kujulikana tu, hapo ndipo penye shida. Machi 2024 mtengenezaji wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde. Alipochimba akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili. Aliyeupachika, akijiita Jia Tan, alikuwa amejenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo tazama pia nani anaitunza programu, na kama yuko peke yake.

Programu za kukraki wala sizihesabu: aliyevunja kufuli hatakuambia alichoacha ndani.

Leseni ndiyo husahauliwa zaidi. Kijana anayeitengenezea SACCOS mfumo anaweza kutumia msimbo wenye leseni ya BSD au MIT na kuuza kazi yake, mradi abakize tangazo la hakimiliki. Akichanganya wenye leseni ya GPL, kila anayemkabidhi programu ana haki ya kupewa msimbo chanzo. Na msimbo uliowekwa mtandaoni bila leseni yoyote si wa bure: chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, programu ya kompyuta ni kazi inayolindwa. Mwandikie mwenyewe, umwombe ruhusa kwanza.