UZI: Hilo shimo ni la nani? Kazi ya kutunza barabara, na maswali ya kumuuliza anayeomba kura

1/ Mvua ikinyesha wiki mbili tu, mjadala unarudi. Mmoja anasema "tulijenga kilomita nyingi kuliko wote." Mwingine anajibu "pesa za barabara zimeliwa." Makofi huku, matusi kule. Shimo bado liko pale pale. Leo tuongee kuhusu kitu ambacho hakuna anayekitaja jukwaani: utunzaji. Keti vizuri.

2/ Kwanza, barabara ni ya nani? Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. KeNHA inashughulikia barabara kuu za kitaifa, kama ile ya Mombasa hadi Malaba. KURA ina barabara za kitaifa zilizo mijini. KeRRA ina zile za mashambani zilizo chini ya serikali kuu. Zinazobaki ni za kaunti. Kwa hivyo kumtusi gavana kwa shimo la KeNHA ni kupigia simu nambari isiyo yake. Na gavana naye akijificha nyuma ya KeNHA kwa shimo la kaunti, anakuchezea tu.

3/ Pesa zinatoka wapi? Kwako. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli ama dizeli unayonunua ina Sh25 za ushuru wa utunzaji wa barabara. Kabla ya hapo ilikuwa Sh18. Ukiweka lita 40, umetoa Sh1,000. Huna gari? Nauli ya matatu na bei ya sukuma wiki sokoni zimebeba ushuru huo huo. Kwa hivyo usiambiwe shimo likizibwa umesaidiwa. Ulishalipa.

4/ Kazi yenyewe ni ya aina mbili kubwa. Kuna ya kila siku: kufyeka nyasi, kuzibua mitaro, kuziba mashimo, kuosha vibao. Halafu kuna ya kila baada ya miaka kadhaa: kuweka tabaka jipya la lami ama kumwaga marram upya. Ya kwanza ni rahisi na haina sherehe. Ukiiruka, ya pili inakuja mapema na kwa gharama kubwa. Ukiruka zote mbili, unajenga barabara upya kutoka chini.

5/ Adui nambari moja wa barabara ni maji. Lami ikipasuka ufa mdogo, maji yanaingia na kulainisha udongo wa chini. Lori likipita, lami inabonyea kwa sababu haina kitu cha kuegemea. Kesho kipande kinang'oka. Keshokutwa una shimo la kumeza tairi. Sasa unaelewa kwa nini yule mama mwenye koleo kwenye mtaro anafanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi. Mtaro ukizibwa na chupa za plastiki, maji hutafuta njia nyingine, na njia hiyo ni barabara yenyewe.

6/ Kuziba shimo si kumwaga lami na kwenda. Kikosi kinachojua kazi hukata kingo mpaka shimo liwe na pembe nne, huondoa udongo uliolegea na maji, hupaka lami nyembamba ya kushikanisha, hujaza mchanganyiko, kisha hushindilia mpaka ulingane na barabara. Ukiona watu wanajaza mchanga na mawe kwenye shimo lenye maji siku mbili kabla ya mkubwa kupita, hiyo ni vipodozi. Mvua moja, imeondoka.

7/ Barabara ya marram nayo ina siri yake: mgongo. Greda inafaa kuacha katikati pakiwa juu, pembeni chini, ili maji yatiririke mtaroni. Dereva wa greda akipiga flati kama uwanja wa mpira, ama akiikwangua mpaka iwe kama sahani, ametengeneza mto. Wananchi wanapiga picha greda, wanashukuru. Mwezi ukiisha, hakupitiki.

8/ Uzito. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 56 kwa gari zima, na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Wahandisi wana kanuni yao: madhara hayaongezeki sawa na uzito, yanaongezeka kwa kasi mno. Ekseli ikibeba tani 12 badala ya 10, madhara kwa barabara yanakaribia mara mbili. Tani mbili tu! Kwa hivyo lori linalohonga ili lipite mizani ya Mariakani, Mlolongo ama Gilgil linakula ushuru wako mara mbili. Mtu akiahidi jukwaani "tutaondoa usumbufu wa mizani," muulize nani atalipia lami.

9/ Kuna pia wale wa kulinda msafara wa magari. Wanaweka koni, wanashika bendera, wanaruhusu upande mmoja kwa zamu, wanavuta malori yaliyoanguka. Kazi hii ni hatari. Unasimama hatua moja kutoka kwa gari linalokuja kasi, na dereva anasoma WhatsApp. Lori la mafuta likipinduka, kazi ya kwanza ni kuwaweka watu mbali. Sachangwan, Januari 2009, moto wa lori la mafuta uliua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamekusanyika. Kwa hivyo ukizuiwa na koni, punguza mwendo, acha kupiga honi.

10/ Halafu kuna wizi. Kibao cha "kona kali" kinang'olewa, kinauzwa kama chuma chakavu. Kingo za daraja zinakatwa. Usiku dereva mgeni hajui kuna kona, anaenda moja kwa moja. Pesa za kuziba mashimo zinaenda kununua kibao kile kile tena. Hili halina serikali wala upinzani. Ni jirani yetu na mwenye duka la vyuma.

11/ Siku hizi kuna mikataba ambapo mwanakandarasi halipwi kwa kuhesabu mashimo aliyoziba. Analipwa kwa hali ya barabara: mashimo yawe yamezibwa, mitaro iwe wazi, nyasi ziwe fupi. Akikaguliwa na kukosa, anakatwa. Wazo ni zuri. Linategemea mambo mawili tu: mkaguzi asiyenunulika, na malipo yanayofika kwa wakati. Mwanakandarasi asipolipwa, anaondoa mashine, na vijana wa koleo wanakaa bila mshahara.

12/ Na hapo ndipo siasa inaingia. Sehemu ya hazina hii hugawanywa sawa kwa maeneobunge yote 290. Magavana nao wanasema kaunti ndizo zenye barabara nyingi, wapewe fungu. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25 walivutana na wabunge juu ya Sh10.5 bilioni mpaka mahakamani. Pande zote zina hoja. Lakini wanapovutana, mtaro haungoji hukumu. Unaziba.

13/ Mbona wanasiasa hawapendi utunzaji? Kwa sababu hauna utepe wa kukata. Hakuna anayealikwa kuzindua mtaro uliozibuliwa. Barabara mpya ina jiwe lenye jina. Barabara iliyotunzwa haina habari, kwa kuwa hakuna kilichoharibika. Na sisi wapiga kura tumewazoesha hivyo.

14/ Kwa hivyo akija kuomba kura, usimuulize "utatujengea barabara?" Muulize hivi:
– Barabara hii iko chini ya nani?
– Mwaka jana ilitengewa pesa ngapi za utunzaji, na nani alipewa kazi?
– Mitaro ilizibuliwa mara ngapi kabla ya mvua?
– Vijana waliofanya kazi walilipwa?
Akijibu manne, huyo amejiandaa. Akianza kuimba wimbo wa chama, umeshapata jibu.

15/ Mwisho. Andika hapa chini jina la barabara yako, kaunti, na hali ya mtaro wake. Mtaro, si shimo. Shimo tunaliona sote.