Mti umevua majani Kona Baridi? Weka panga chini kwanza

Ukishika barabara ya Magadi kutoka Kiserian, utajua umefika Kona Baridi kwa upepo. Jina lenyewe si mzaha. Sasa teremka kidogo kuelekea bondeni mwezi wa Agosti: matawi yako uchi, vijani vya njano vimetapakaa chini. Ni rahisi kusema baridi ndiyo imeimaliza hiyo miti.

Baridi unaisingizia. Zile picha za miti mekundu za Kanada unazoziona kwenye simu zina kisa kingine. Toronto, mchana wa Juni ni kama saa 15, wa Desemba kama saa 9. Mti huhisi mwanga ukipungua na baridi ikiingia, ukajiandaa. Kajiado tuko karibu na ikweta. Tofauti ya siku ndefu na fupi haifiki hata nusu saa. Mti wetu hasa hufuata maji.

Jani lina vitundu vidogo mno vya kuvutia hewa. Vikifunguka, maji nayo hutoka kama mvuke. Masika yakikatika Mei, mizizi hushindwa kurudisha kinachopotea huko juu. Lakini mti hautupi jani hivi hivi, ni bahili kweli! Kwanza huvunja klorofili, ile rangi ya kijani, na kurudisha naitrojeni matawini kuiweka akiba. Kijani kikiisha, njano iliyokuwa imejificha humo siku zote hujitokeza. Wekundu ni tofauti: hutengenezwa upya dakika za mwisho, na wataalamu bado wanabishana ni wa kazi gani. Kisha kikonyo cha jani hulegea kinapoungana na tawi, upepo ukamalizia.

Mwangalie osilalei, kama Wamaasai wanavyouita. Hukaa miezi mingi bila jani hata moja. Gome lake hubambuka kama karatasi, na chini yake kuna kijani kinachoendelea kupika chakula kwa jua. Ukichomeka tawi lake ardhini kama nguzo ya ua, huota! (Kuna na mkaidi mmoja wa jamii ya mgunga, Faidherbia albida, anayevua majani wakati wa mvua na kuchipua kiangazi.)

Shida ni kwamba ukame ukikaza, kama ule wa 2020 hadi 2022, kila mti mkavu huonekana gunia la makaa. Na huo huo ndio mbuzi wa nyumbani watautegemea ukichipua.

Kwa hivyo kabla hujakata, kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona ubichi wa kijani, mti uko hai. Ukikuta ukavu wa kahawia, jaribu tawi lingine, kisha shina lenyewe, maana tawi laweza kufa na mti ukabaki. Bado una shaka? Ngoja mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, ndipo uamue.