Kupitisha fili ndani ya gidoni ya pikipiki: kazi nzuri, lakini tobo likikosea ni hatari

Usiku umeingia, motari anarudi na mteja nyuma. Anakata kona, anageuza gidoni, palepale taa ya mbele inazimika. Akiinyoosha, taa inarudi. Kesho yake anamuuliza fundi: « Ampuli iko muzuri, juu ya nini taa inazimika? »

Mara nyingi ugonjwa uko kwenye fili, zile nyuzi za umeme zinazotoka kwa swichi za mkono na kuingia ndani ya taa ya mbele.

Kwa barabara zetu fili hizo zinateseka. Juu ya mawe ya volkano ya Goma pikipiki inatetemeka siku nzima. Kwingine ni vumbi, na mvua ikinyesha ni matope. Tena kwenye gidoni watu wanafunga mwamvuli na mifuko. Fili inasuguliwa, ngozi yake inaisha, shaba inagusa chuma. Hapo fizibu inaungua. Na kama mtu alitoa fizibu akaweka kipande cha waya, fili yenyewe ndiyo itapata joto, hata kuwaka moto karibu na tangi ya mafuta.

Ndiyo sababu mafundi wengine wanazipitisha fili ndani ya gidoni. Gidoni ni bomba lenye uwazi ndani. Kwa pikipiki nyingi upana wake wa nje ni milimita 22, kwa hiyo nafasi ya ndani ni ndogo.

Nini kinaingia? Ni fili za kuranti tu: za taa, klinyota, klaksoni na demareri. Kablu ya embreyaji, kablu ya gazi na mpira wa freni vinabaki nje, kama kiwanda kilivyoviweka.

Swali kubwa ni mahali pa kutoboa. Kila tobo linapunguza nguvu ya gidoni. Pale inapochoka zaidi ni kwenye kingo za vifungio vinavyoishikilia katikati, na pale inapopinda. Hapo usitoboe. Tobo moja dogo la mviringo linawekwa chini ya kila swichi, upande wa chini ili maji yasikae ndani. Lile la kutokea linawekwa katikati kabisa, pia upande wa chini, kati ya vifungio viwili. Kama kifungio ni kimoja kirefu kinachofunika katikati yote, acha kazi hiyo. Vilevile gidoni iliyokwisha kupinda ikanyooshwa, ama yenye kutu nyingi, haitobolewi.

Kazi yenyewe inaenda hivi:

1. Toa kwanza fili ya batri ya upande wa « moins ». Piga picha ya rangi za fili kwa telefone kabla ya kufungua kitu.
2. Baada ya kutoboa, lainisha kingo za tobo kwa tupa, kisha weka kauchu. Kingo kali itakata fili kama kisu.
3. Pitisha kwanza waya mwembamba, funga fili kwenye ncha yake, uvute polepole huku mwenzako anasukuma upande wa pili.
4. Usiache kiungo chochote ndani ya bomba. Viungo vinafanywa ndani ya taa ya mbele, vinasudewa na kufunikwa vizuri. Skochi peke yake haitoshi.
5. Fili ikiwa fupi, iongezwe na nyingine ya unene uleule, si nyembamba zaidi.

Mwisho, washa injini, geuza gidoni hadi mwisho wa kushoto, kisha wa kulia. Fili isivutike. Jaribu taa, klinyota, klaksoni na freni. Fungua gazi na uiachilie: lazima irudi yenyewe. Kitu kimoja kikikataa, usibebe mteja kwanza.

Asiye na fundi wa kuamini ana njia nyingine ya bei ndogo: kuvisha fili mpira wa plastiki na kuzifunga sawasawa kando ya gidoni, zikiwa na urefu wa kutosha wa kugeuka. Hakuna tobo hata moja, na mvua haizifikii kwa urahisi.

Kwa mwenye kuchagua kupitisha ndani, muulize fundi kabla hajashika mashini: « Unatoboa wapi? » Kama hawezi kukuonyesha kwa kidole na kueleza sababu, rudi na pikipiki yako.